DAS, NAS au SAN kwa ofisi ya kompyuta 28 Nyakato?

binti_kirumba

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kabla bosi hajasaini ununuzi wa hifadhi ya data: DAS (diski za seva yenyewe), NAS (kiboksi cha faili kwenye mtandao) au SAN (kabati la diski kwenye mtandao wake).

Ni biashara ya jumla ya vifaa vya ujenzi. Ofisi kuu na ghala viko Nyakato, Mwanza, tawi moja lipo mjini karibu na Makoroboi, lingine Sengerema. Nyakato kuna kompyuta 28 kwenye swichi moja ya gigabiti yenye poti 48. Seva ni moja ya kusimama, RAM GB 32, diski mbili za TB 4 za mzunguko 7,200 katika RAID 1 (kila moja ni nakala ya mwenzake). Kila kitu kimo humo: hifadhidata ya uhasibu na stoo (SQL Server Express 2019, toleo la bure la Microsoft, kwa sasa GB 7), folda za pamoja zenye ankara na mikataba iliyoskaniwa (TB 1.4, zinaongezeka kama GB 40 kwa mwezi), na kamera 16 za ghalani na getini, kila moja megabiti 4 kwa sekunde.

Shida ni kwamba mwisho wa mwezi ripoti ya stoo ya dakika mbili inafika nusu saa, na kaunta wanasubiri ankara wateja wakiwa wamepanga foleni. Picha za kamera nazo zinajifuta baada ya siku tatu na nusu hivi.

Muuzaji mmoja ameleta pendekezo la SAN: kabati la diski 12 za TB 2.4 za mzunguko 10,000, kontrola mbili (vifaa vinavyoendesha diski), Fibre Channel (mtandao maalumu wa diski) ya gigabiti 16. Anasema NAS ni za nyumbani na diski za ndani ya seva zimepitwa na wakati. Mwingine anasema nichukue NAS ya diski 4 nihamishie kila kitu huko, hifadhidata pia. Intaneti yetu kasi ya kupakia ni Mbps 10, Sengerema wanaingia kwa VPN (njia ya siri ndani ya intaneti). Umeme wa huku mnaujua. Nichukue kipi?

---

FundiBloku

Dada, kuna swali ambalo wauzaji wako wote wawili wamelikwepa: mfumo wa faili unakaa kwa nani?

Kwenye DAS diski zimefungwa moja kwa moja kwenye seva, ndani ya kasha au kwa kebo ya SAS, na seva ndiyo inayopanga faili. Kwenye NAS kile kiboksi kina mfumo wake wa faili na kinagawa faili kwa mtandao wa kawaida, kwa lugha za kugawana faili, SMB au NFS. Anayeomba anasema "nipe ankara fulani", basi. Kwenye SAN kabati linatoa bloku ghafi (vipande vya data visivyopangwa kuwa faili) kupitia mtandao, seva inaziona kama diski yake yenyewe na kuziwekea NTFS (mfumo wa faili wa Windows) kama kawaida. Kwa hiyo SAN, ukiitazama kutoka upande wa seva, ni DAS yenye kebo ndefu na swichi katikati. Haigawi faili kwa kompyuta 28. Hata ukiinunua, bado utahitaji seva ya kuzigawa.

Sasa tuangalie mzigo wako. Kamera moja ya megabiti 4 inaandika nusu MB kila sekunde, sawa na GB 43 kwa siku. Kamera 16 ni GB 691 kwa siku, bila kupumzika. Diski yako ni TB 4, toa TB 1.4 za folda na nyinginezo, inabaki kama TB 2.5. Gawanya: siku tatu na nusu. Hiyo siri imeisha.

Ucheleweshaji nao una mzizi huo huo. Diski ya 7,200 hufanya kati ya shughuli 80 na 120 za hapa na pale kwa sekunde, na RAID 1 haiongezi kasi ya kuandika. Kichwa cha kusomea kinavutwa na mitiririko 16 ya kamera, watu wa folda, na SQL inayosaka rekodi kila kona. Halafu kuna jambo watu hulisahau kuhusu Express: haitumii zaidi ya MB 1,410 za RAM kwa kashe ya data (nakala ya karibu ya kusoma haraka), hata ukiipa seva GB 200. Hifadhidata yako ni GB 7. Ripoti ya mwisho wa mwezi inapita karibu jedwali zima, kwa hiyo sehemu kubwa inasomwa diskini. Kuongeza RAM hakutasaidia chochote. Diski za 10,000 zitasaidia kiasi (chukulia shughuli 140 kwa kila moja). SSD mbili tu (diski zisizo na kinachozunguka) zitalipita kabati zima kwa kazi hii.

Usiniamini kwa maneno, pima. Fungua `perfmon` kwenye seva, ongeza vipimo vya Avg. Disk sec/Read na Avg. Disk sec/Write vya diski husika, acha virekodi saa nzima wakati ripoti inakimbia. Diski ya kuzunguka yenye afya hukaa kati ya milisekunde 10 na 20, yaani 0.010 hadi 0.020. Ukiona 0.050 kwenda juu, diski zimezidiwa. Kisha simamisha kurekodi kwa kamera dakika kumi, upime tena. Ikibaki chini ya 0.020 na ripoti bado inakokota, basi lawama iko kwenye programu au faharasa za majedwali, na hakuna kabati litakaloiponya.

Ningegawa hivi. Kamera zihame kabisa kwenda kwenye kinasa chao chenyewe. Kwa siku 14 utahitaji TB 9.7, kwa siku 30 TB 20.7. Kamera zikikubali H.265 (ubanaji mpya zaidi wa video) badala ya H.264 mtiririko unaweza kushuka hadi karibu nusu bila picha kuharibika, jaribu hilo kabla ya kuhesabu diski. Hifadhidata ibaki ndani ya seva, kwenye SSD mbili za GB 960 katika RAID 1, ziwe za seva zenye kapasita za kumalizia kuandika umeme ukikatika. SSD za dukani za kompyuta mpakato hazina hizo kapasita, na SQL inapodai uthibitisho wa kila andiko huwa nzito kuliko ulivyotegemea. Folda za pamoja ziende kwenye NAS.

Ukihamisha hifadhidata: fomati SSD kwa NTFS yenye bloku za KB 64, chukua bekapu kamili, rudisha kwa `RESTORE ... WITH MOVE` kwenda diski mpya. Usikate na kubandika faili la .mdf (faili lenye data ya hifadhidata). Na chunga, Express 2019 hukomea GB 10 kwa hifadhidata moja. Uko 7. Leseni ya Standard, au kuhamishia miaka ya zamani kwenye hifadhidata ya kumbukumbu, iingie kwenye bajeti kabla ya kabati la mtu yeyote.

---

Nyamagana_IT

Nakubali kuhusu kamera. Ila kwa nini hifadhidata isikae kwenye NAS kwa iSCSI (bloku kupitia mtandao wa kawaida)? Karibu NAS zote za biashara zina iSCSI siku hizi, unapata SAN bila Fibre Channel. Snapshoti (picha ya data ilivyokuwa wakati fulani), upanuzi, kila kitu sehemu moja. Na seva ikifa, unaiunganisha LUN (diski inayotolewa kwa mtandao) ile ile kwenye seva nyingine, dakika kumi kazi inaendelea. SSD za ndani zikifa na seva umekwama.

---

FundiBloku

Mkuu, hoja ya seva kufa ni ya kweli, na iSCSI kwenye poti yake 3260 inafanya kazi vizuri ikijengwa inavyotakiwa. Angalia sasa inavyotakiwa: poti mbili za mtandao kwenye seva na mbili kwenye NAS, kila jozi kwenye mtandao wake mdogo, MPIO (kutumia njia zote mbili) imewashwa, VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi) ya peke yake, na swichi mbili ili moja ikizimika njia ibaki. Ofisi hii ina swichi moja. Swichi ikizima na kuwaka, diski ya SQL inatoweka katikati ya kuandika, na hifadhidata inaweza kuamka ikiwa imewekewa alama ya shaka. Kwenye NAS ya diski nne za kuzunguka hujapata kasi pia: gigabiti inatoa kama MB 110 kwa sekunde kwa faili kubwa, lakini kwa maandiko madogo ya hapa na pale kikomo ni zile zile shughuli 100 za kila diski. Kati ya njia za kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, RAID 5 inalipa shughuli nne kwa kila andiko dogo, RAID 6 sita, RAID 10 mbili.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni mtu kuunganisha LUN moja kwenye seva mbili kwa wakati mmoja akidhani ni folda ya pamoja. NTFS haijui kwamba kuna mwenzake. Kila seva inashika kumbukumbu yake ya nafasi zilizo wazi, zinaandikiana juu, na kwa siku chache hakuna anayegundua. Kugawana bloku kunahitaji mfumo wa faili wa kundi, kama VMFS ya VMware au Cluster Shared Volumes ya Windows. Ukifunga LUN, ruhusu jina la iSCSI (IQN) la seva moja tu na uweke nywila ya CHAP.

Na lile pendekezo la kuweka faili za SQL kwenye folda ya SMB ya NAS: SQL Server inaliruhusu tangu toleo la 2012, ila lilikusudiwa seva za faili za SMB 3 zilizo imara, si kiboksi kinachogawana kazi na skana ya mapokezi.

---

Mzee_Kebo

Wanangu, mmepiga hesabu za diski vizuri mkaruka kebo na umeme, na Mwanza hivi viwili ndivyo vinavyoua.

Kebo kwanza. Ingia kwenye swichi, tazama taa au ukurasa wa poti: zipo ngapi zimeshuka hadi Mbps 100? Kebo nyingi zinazouzwa kwa bei poa ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza ncha kwa kisu, ikiwa nyeupe ndani umeijua. Njia ya mita 60 kwa kebo hiyo hushuka hadi 100, na hapo mtumiaji anapata MB 11 kwa sekunde hata ukimfungia hifadhi ya almasi. Poti za seva, NAS na zile za wahasibu zipate shaba halisi ya Cat6. Kati ya ofisi na ghala, kama ni majengo mawili, tumia faiba. Shaba kati ya majengo hubeba radi hadi mezani.

Hapo kwenye radi ndipo pagumu zaidi. Kanda ya ziwa ina ngurumo nyingi za usiku, na miamba yetu haipokei athi (njia ya kupeleka umeme ardhini). Nondo ya mita 1.2 inagonga jiwe kwenye sentimita 40, fundi anaikata anaifukia, anasema tayari. Mwambie apime mbele yako. Kwa kinga ya radi lenga chini ya ohm 10, kwenye chumba cha seva tafuta 5. Pasipochimbika, mkanda wa shaba ulazwe kwenye mtaro wa sentimita 60 kwa mita kadhaa, ukizungushiwa bentonaiti (udongo unaoshika maji), na nondo mbili tatu ziunganishwe popote penye udongo. Usikubali athi ya seva isiyounganishwa na athi ya jengo. Radi ikipiga karibu, tofauti ya volti kati ya athi hizo mbili inapita kwenye poti za mtandao.

UPS (betri ya akiba): seva wati 200, NAS 45, swichi 20, ruta 10. Jumla haifiki 300, kwa hiyo ya VA 1,500 yenye wati 900 inatosha kwa muda wa kuzima kwa utaratibu. Kosa la kila siku ni kuweka seva na NAS kwenye UPS na kuacha swichi nje. UPS inaiambia NAS kwa kebo ya USB, NAS inaiambia seva kwa mtandao, mtandao wenyewe umekufa. Seva haipati habari, inaendelea hadi betri iishe. Panga seva ianze kujizima baada ya dakika 4 za betri, NAS baada ya 8. Umeme ukirudi usiruhusu vitu viwake papo hapo, huwa unarudi na kuondoka mara mbili tatu. Weka subira ya dakika 10, au betri ikifika asilimia 50.

Kama mna jenereta, chukua UPS ya aina ya onlaini (inayosafisha umeme muda wote, si ya intaneti). Zile za kawaida huikataa jenereta ndogo kwa sababu mizunguko yake inapanda na kushuka, zinabaki kwenye betri huku jenereta inanguruma nje. Betri za asidi zilizofungwa huishi karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, kwa hiyo UPS isiwekwe juu ya kabati chini ya bati.

Lingine dogo: wadudu wa ziwani. Wakitoka wanafuata taa. Chumba cha seva kisiache taa usiku, dirisha lifungwe, feni ziwe na sponji ya kuchuja, na isafishwe kila mwezi. Mizoga yao ikichanganyika na vumbi la saruji la ghalani inaganda kwenye feni za diski.

---

binti_kirumba

Shikamoo mzee, asante. Nimepima leo wakati ripoti ya majaribio inakimbia: kusoma 0.084. Kamera zikisimamishwa: 0.017, na ripoti imekwisha kwa dakika tano. Poti 9 kati ya 28 ziko kwenye 100.

Basi nimeelewa kuhusu SSD na NAS. NAS niweke RAID ipi, na bekapu iende wapi? Klaudi kwa Mbps 10 naona kama ndoto.

---

DadaBekapu

Ndugu yangu, vipimo vyako vinajieleza. Nianze na ukubwa. TB 1.4 pamoja na GB 40 kwa miezi 60 ni TB 3.8. Diski nne za TB 4 katika RAID 6 zinakupa TB 8, Windows itaonyesha 7.27 kwa sababu inahesabu kwa 1,024. Nafasi ya snapshoti ipo. RAID 10 ina ujazo ule ule na kasi zaidi ya kuandika, lakini RAID 6 inastahimili diski zozote mbili kufa, na hati zilizoskaniwa zinasomwa kuliko kuandikwa. Diski ziwe za CMR (nyuzi za data hazipandani). Zile za SMR huandika nyuzi zikipandana, na wakati wa kujenga upya kundi huzubaa hadi kontrola inazihesabu zimekufa. Nunua ya tano ikae kabatini. Kuagiza Dar huku kundi linakimbia pungufu si jambo la kutamani.

RAID haihesabiwi kama bekapu. Virusi vya kudai fidia vikiingia kwa kompyuta moja ya kaunta vinafunga kila folda ambayo mtumiaji huyo anaweza kuiandika, na RAID inanakili uharibifu huo kwa uaminifu kwenye diski zote. Kwa hiyo: snapshoti kila saa mchana, zibaki siku 14. Akaunti ya msimamizi wa NAS isiwe ya kikoa (akaunti za pamoja za Windows za ofisi) wala isitumike kufungulia folda. SMB 1 izimwe, ndiyo njia WannaCry ilipitia Mei 2017. Usifungue poti ya NAS kwenye intaneti hata kwa "muda kidogo"; Sengerema wana VPN, watumie hiyo.

Kwa SQL, usitegemee snapshoti ya NAS wala kunakili .mdf. Express haina Agent (kipanga-kazi cha SQL Server), kwa hiyo tumia Task Scheduler iite `sqlcmd` kila usiku na amri ya `BACKUP DATABASE ... WITH CHECKSUM` kwenda folda ya NAS ambayo akaunti hiyo peke yake inaandika. Express haibani bekapu pia. Bana kwa 7-Zip baadaye kabla ya kusafirisha.

Sasa kusafirisha. TB 1.4 kwa Mbps 10 ni siku 13 mchana na usiku, njia ikiwa yote yako. Ni ndoto kweli. Lakini GB 40 za mwezi ni kama saa 9 tu ukizigawanya usiku kwa usiku. Nunua NAS ndogo ya diski mbili, TB 8 kila moja, RAID 1. Iunganishe Nyakato kwa mtandao wa ndani ipate nakala ya kwanza. Kwa MB 100 kwa sekunde ni saa 4, lakini faili ndogo ndogo za skani zitaivuta hadi usiku mzima. Kisha ipakie kwenye gari, daraja la Kigongo–Busisi lipo, ikae tawi la Sengerema. Kuanzia hapo mabadiliko tu yapite VPN saa 4 usiku. Badilisha anwani ya IP na ujaribu kuisawazisha mara moja kabla haijaondoka, la sivyo itataka kuanza upya.

Nakala ya tatu ni diski mbili za USB za TB 4 zinazobadilishana kila Ijumaa. Moja iko kwenye kazi, nyingine imekatwa na imefungiwa. Iliyokatwa haifikiwi na virusi wala radi. Zifungwe kwa nywila, zina taarifa za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitofautishi seva na diski ya mfukoni.

Kila robo mwaka rudisha hifadhidata kwenye kompyuta nyingine na ufungue ripoti moja. `RESTORE VERIFYONLY` inathibitisha faili linasomeka, haithibitishi kwamba ankara za mwezi jana zimo.

---

Nyamagana_IT

Nimekubali kwa ukubwa huu. Ila tusimfanye aone SAN ni utapeli. Lini ingemfaa?

---

FundiBloku

Mkuu, siku atakapokuwa na seva tatu zenye mashine pepe (kompyuta za programu ndani ya seva) kumi na kitu, na seva moja ikifa mashine zake lazima ziamke kwenye nyingine bila mtu kugusa. Hapo bloku za pamoja zina kazi. Hata hivyo, kwa seva mbili tu kuna kabati la SAS lenye kontrola mbili linalofungwa moja kwa moja kwenye seva zote mbili, halina swichi wala mambo ya kugawa kanda (nani aone diski ipi). Fibre Channel inaanza kudai kadi kila seva, moduli za faiba, na mtu anayejua WWN (anwani ya kifaa cha Fibre Channel) ni nini saa nane usiku.

Dada, muulize huyo muuzaji mambo matatu kwa maandishi: kontrola ya akiba iko mji gani na inafika Mwanza kwa saa ngapi, leseni za snapshoti zimo au zinalipiwa kila mwaka, na femuwea (programu ya ndani ya kabati) itapatikana mkataba wa msaada ukiisha? Halafu mwonyeshe ile 0.017 yako.

Hizo poti 9 zishughulikie kwanza, kabla ya kununua hata SSD.